Kalenda na Maslahi ya Umma

Kalenda si suala la hesabu peke yake; ni suala la nani ameshika madaraka. Mwaka 1793 wanamapinduzi wa Ufaransa waliifuta kalenda ya Kanisa. Miaka ikahesabiwa upya tangu Septemba 22, 1792, Jamhuri ilipozaliwa, na juma likawa la siku kumi. Shabaha ilikuwa kuvunja nguvu za wafalme na makasisi. Lakini mfanyakazi aliyezoea kupumzika siku moja katika saba, sasa alipewa moja katika kumi. Wakulima wengi waliendelea kuishika Jumapili yao. Napoleon alipoirudisha kalenda ya zamani, Januari 1, 1806, umma haukuitetea ile mpya. Fundisho, ndugu, ni wazi: Serikali hutangaza sikukuu, umma ndio huidumisha.