Zamani Tairi Lilikuwa Jeupe

Kiangazi Nyabibuye vumbi jekundu halimwachi mtu, sembuse tairi. Kijana anaosha gari, anapaka dawa, tairi linang'aa jeusi tiii. Kumbe matairi ya mwanzo yalikuwa meupe au kijivu, rangi ya mpira wenyewe! Miaka ya 1910 viwanda vikaanza kuchanganya masizi ya kaboni. Si urembo: tairi lilichelewa kulika na likastahimili jua.

General Tyre ya Arusha ilisimama 2009, na mtaani tairi la mtumba halikosi mnunuzi. Likipakwa dawa, umri hauonekani. Mimi naangalia ubavuni, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2314 ni wiki ya 23, mwaka 2014, hata ling'ae vipi.