Paul Panda Farnana, aliyerudi na diploma ya Bulaya



Mara nyingi watu wanatuuliza: chama cha wale waliorudi kutoka Bulaya kina kazi gani? Mwenye kusoma kule si anarudi tajiri? Tunapenda kujibu kwa habari ya mtu wa zamani, Paul Panda Farnana. Hakuwa mtu wa huku kwetu kwenye Kiswahili. Alizaliwa mwaka 1888 karibu na Banana, pale mto Kongo unapoingia mu bahari. Lakini njia aliyopita, wengi wetu wataitambua.

Alifika Ubelgiji mwaka 1900, angali mtoto. Afisa mmoja, Derscheid, alimchukua, na dada yake huyo afisa, Louise Derscheid, njo aliyemlea kule Bruxelles. Tukumbuke wakati ule ulikuwa gani. Miaka mitatu mbele, mu 1897, Wakongomani zaidi ya 200 walipelekwa Tervuren kuonyeshwa kwa watu, wakae mu vijiji vya kuigiza, na saba kati yao walikufa. Mtoto Mkongomani kukaa kwenye meza ya nyumbani na kwenda masomo, hiyo ilikuwa bahati ya mtu mmoja tu. Haikuwa mpango wa serikali hata kidogo.

Alisoma Ixelles, kiisha akaingia shule ya bustani na ukulima ya Vilvoorde, akatoka na diploma mwaka 1907. Akaongeza masomo ya ukulima wa nchi za joto kule Nogent-sur-Marne, Ufaransa. Anahesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya namna hiyo mu Ubelgiji.

Mu 1909 akarudi, akiwa na kazi ya serikali kama chef de culture wa daraja la tatu. Akatumwa Eala, bustani ya mimea karibu na Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo. Vitabu vinapita hapa mbio, lakini kwetu hapa njo penye habari. Wazungu walimuona mtu mweusi aliyeshika cheo ambacho walizoea kuwa nacho peke yao. Nao wafanyakazi walimuona nani? Mtu wa Bas-Congo, mgeni kati ya Wamongo, aliyekulia mu nyumba ya wazungu na kusema Kifaransa chao. Alikuwa mu inchi yake na hakuwa na mwenzake wa kuongea naye mambo aliyoyaona. Sisi leo tunazungushwa na karatasi za ekivalansi, na jamaa wanatazama ukubwa wa valizi. Ni taabu, lakini tuko wengi. Yeye alikuwa peke yake.

Vita ya 1914 ilimkuta tena Ubelgiji. Akajiandikisha na Wakongomani wenzake mu kundi la askari wa kujitolea, chini ya Kolonel Chaltin. Namur ilipoanguka mwezi wa munane, Wajeremani wakamshika, na akabaki mfungwa mpaka vita kuisha.

Ile kambi ilimfunza kitu ambacho shule haikumpa, ni kukaa na Wakongomani wa kila namna. Tarehe 30 Agosti 1919, Bruxelles, yeye na wenzake wakaanzisha Union Congolaise. Jina lake lote kwa Kifaransa lilisema wazi kwamba ni chama cha kusaidiana na cha kuendelesha akili na mwenendo wa Wakongomani. Wengi wa wanachama hawakuwa na diploma. Walikuwa wafanyakazi na askari wa zamani. Chama kilidai haki za wale waliopigana, na kaburi la heshima la askari Mkongomani asiyejulikana jina. Mwenye diploma aliandika barua na kusema mbele ya wakubwa kwa ajili ya wale wasioweza. Kwa maoni yetu, pale njo masomo yake yalipopata kazi.

Na alisema kweli. Mwezi wa kumi na mbili 1920, kwenye kongamano la makoloni Bruxelles, aliomba shule za maana kwa Wakongomani, na wapate sauti mu utawala wa inchi yao. Mwaka 1921 alikuwa mu Kongamano la Waafrika pamoja na W.E.B. Du Bois. Magazeti ya kikoloni yakawatukana, yakasema ni Wabolsheviki, yakachanganya Du Bois na Marcus Garvey kana kwamba ni mtu mmoja!

Mu 1929 akarudi kwao, safari hii bila cheo cha serikali. Akajenga shule kijijini na kuanzisha kiwanda cha mafuta ya ngazi. Alipata karibu mwaka mmoja tu. Alikufa Matadi mwezi wa tano 1930, na Union Congolaise ikadhoofika.

Serikali ya koloni haikuharakisha kutuma mwengine. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mu 1954. Thomas Kanza, wa kwanza asiye padri kuingia Leuven, alianza masomo 1952 na kumaliza 1956, miaka 49 nyuma ya ile diploma ya Vilvoorde. Uhuru ulipofika mu 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30.