Martin Mhando na Ukimya wa Samehe
Pwani ya Bagamoyo, iliyoona watumwa wakivushwa kwenda Unguja katika karne ya 19, yajua jinsi uchungu unavyomfunga mtu ulimi. Uchungu wa namna hiyo ndio alioushughulikia mwongozaji wa filamu Martin Mhando. Mwaka 2001, yeye na Ron Mulvihill wa Marekani walitoa *Maangamizi*, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo za Oscar. Ndani yake Samehe, aliyeigizwa na Amandina Lihamba, amekaa miaka 20 bila kunena. Daktari Asira, Mmarekani mweusi, ajaribu kumtibu. Lakini mzimu wa bibi ndio unaowaita wote wawili wayakabili yaliyopita. Baadaye Mhando aliliongoza Tamasha la Nchi za Jahazi, Unguja: kisiwa kilichopokea mateka kikawa baraza la kusimulia.