Mitungi mingi, kisima kimoja

Kama wewe ni wa Nairobi, lazima umewahi kuambiwa "tukutane Hilton." Hakuna mtu alikuwa anamaanisha tuingie ndani tunywe chai. Ilikuwa inamaanisha simama pale nje, karibu na Kencom, uangalie ule mnara wa duara mpaka mwenzako afike. Hoteli yenyewe ilifunguliwa 1969. Desemba 2022 ikafungwa. Watu bado wanakutana hapo nje, ni vile tu ndani hakuna wageni.

Siku hizo kila mtu alipost picha ya ule mnara na maneno ya huzuni, kisha tukaendelea na maisha. Mimi pia nilipost. Kitu sikujua ni kwamba kwa miaka mingi karibu asilimia 40 ya hisa za hoteli hiyo zilikuwa za serikali ya Kenya. Jina kwa ukuta lilikuwa la Mmarekani, lakini sehemu kubwa ya mali ilikuwa yetu. Yaani tulikuwa tunangojana nje ya nyumba yetu wenyewe.

Ilifikaje hapo? Hebu turudi nyuma kidogo.

Kenya inapata uhuru 1963. Bahari iko, simba wako, ndege za abiria zinazidi kuwa kubwa na Wazungu wanataka kuja. Kinachokosekana ni vitanda. Sasa, hoteli kubwa ni biashara ngumu kupatia mkopo. Unamwaga pesa nyingi kabla mgeni wa kwanza hajalala, halafu unangoja miaka mingi ndio irudi. Benki ya kawaida haina huo uvumilivu. Hapo ndipo zinaingia pesa za maendeleo: taasisi ya serikali, au ya serikali nyingi pamoja, inakopesha kwa muda mrefu ama inanunua hisa kabisa mahali ambapo benki zinaogopa. Ikishaingia, wawekezaji wengine wanapata moyo. Biashara ikisimama, inatakiwa iuze hisa zake iende kusaidia kwingine.

Mwaka 1965 Kenya iliunda taasisi yake ya kazi hiyo, Kenya Tourist Development Corporation, KTDC. Mwaka 1967, IFC, ile kampuni ya Benki ya Dunia inayoshughulika na sekta binafsi, iliweka pesa kwa Kenya Hotel Properties, kampuni iliyojenga InterContinental hapa Nairobi. Nayo ilifunguliwa 1969. Hoteli mbili kubwa katika mwaka mmoja, dakika chache kwa miguu kutoka moja hadi nyingine, na KTDC ina hisa kwa zote mbili.

KTDC haikuishia tao. Ilikuwa na mkono ndani ya Mombasa Beach Hotel, lodge za Voi na Ngulia kule Tsavo, hoteli za Kisumu, Kakamega na Kabarnet, na lodge ya Mlima Elgon. Pia kulikuwa na African Tours and Hotels, ATH, kampuni ya umma iliyoendesha hoteli na kuuza safari. Ukiangalia karatasi, unasema manze, hawa watu wamejipanga. Wako na bahari, mbuga, mji, mlima, mpaka magari ya kubeba wageni. Kitu kimoja kikianguka, kingine kinashikilia. Si ndio?

Hapana, na hii ndiyo sababu nimeandika haya yote.

Hiyo ilikuwa mitungi mingi inayochota kisima kimoja. Mgeni anayelala hoteli ya tao Jumatatu ndiye anayeenda Tsavo Jumatano, na ndiye anayeota jua Mombasa Jumamosi. Ni mtu mmoja. Asipopanda ndege kule kwao, kila mtungi unakauka siku moja. Kuwa na biashara nyingi si sawa na kugawanya hatari.

Na kisima kimekauka mara ngapi? Mwisho wa miaka ya 80 utalii ulikuwa umepita kahawa kwa kuleta pesa za kigeni, tukajiona tumefika. Kisha Agosti 1997, ghasia za Likoni. Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani. Novemba 2002, bomu la hoteli ya Kikambala. 2007 kuingia 2008, uchaguzi. 2013, Westgate. Mei 2014, kampuni za Uingereza zinawaondoa wateja wao Mombasa kabla likizo zao kuisha. 2020, korona. ATH haikufika hata nusu ya hiyo orodha: ilizama mwishoni mwa miaka ya 90. InterContinental ilifungwa 2020. Hilton unajua.

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu inaniuma.

Mamangu alifua mashuka kwa hoteli moja ya pwani kwa miaka kumi na moja. Sitaitaja jina. Machi 2020 waliambiwa waende nyumbani, likizo bila mshahara, mtaitwa. Mimi nilikuwa Form Four. Hoteli ilikuja kufunguliwa tena, lakini simu ya mamangu haikulia. Nilipoingia chuo, alikuwa anauza maandazi na viazi karai barabarani. Nilifika mwaka wa pili, karo ikakataa, nikatoka. Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo wakitarajia stori ya kijana aliyeamini kipaji chake. Stori ni mashuka.

Mei 2020 serikali ilitangaza mpango wa kufufua uchumi. Kwa hoteli kulikuwa na shilingi bilioni 2 za mikopo nafuu, zipitie taasisi ileile ya 1965, ambayo sasa inaitwa Tourism Finance Corporation. Zilikuwa za kukarabati majengo na kupanga biashara upya. Sisemi ni vibaya. Jengo likioza hakuna kazi ya kurudia. Lakini angalia mtindo: kuanzia 1965, pesa ya maendeleo inajua kuhesabu vyumba. Siku ya kukata utepe tunaambiwa vitanda vingapi, kazi ngapi. Siku ya kufunga, hakuna anayehesabu.

Nisiwe mtu wa lawama tu. Bila zile pesa, hoteli nyingi hazingejengwa, na mashuka ya kunilisha mimi hayangekuwepo. Miaka kumi na moja si kidogo. Mamangu mwenyewe akisoma hapa atasema, "Mwanangu, usitukane mkono uliokulisha." Sawa mama, situkani. Ninauliza tu.

Kwa sababu kuna pesa ya maendeleo iliyofanya kazi tofauti. 1975 Kenya ilifungua Utalii College, kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Mpishi aliyefunzwa pale, hoteli yake ikifungwa, anaondoka na ujuzi wake. Anaweza kufungua kibanda, kupika harusi, au kwenda kutafuta kazi Dubai. Lodge haiwezi kuhama. Mtu anaweza.

Na kisima cha pili tulikuwa nacho miaka yote hii. Ni sisi. Tangu Madaraka Express ianze 2017, ukifika kituo cha Miritini Ijumaa jioni utaona nani anajaza Mombasa: wasee wa Nairobi na mabegi yao, wamechanga kwa kikundi cha WhatsApp. Korona ilipofunga anga, hoteli zilizofungua milango mapema zilianza kututangazia bei za Wakenya. Ilibidi mgeni wa mbali apotee ndio tuonekane.

Kwa hivyo siku nyingine ukiona kwa habari kwamba benki fulani ya maendeleo imewekeza mamilioni ya dola kwa kikundi cha hoteli, lodge na magari ya safari, usishangilie wala kutukana haraka. Uliza vitu vitatu. Ndege zikisimama, nani atalala hapo? Mfanyakazi wa chini anapata nini kingine zaidi ya mshahara wa mwezi huu: ujuzi, akiba, hata hisa kidogo? Na siku wakifunga, nani ana haki ya kulipwa kwanza?

Wiki iliyopita nilikutana na rafiki tao. Alinitumia meseji, "niko Hilton." Mlango umefungwa, lakini bado tunatumia jina kana kwamba iko wazi. Nilisimama nikaangalia juu nikahesabu madirisha mpaka shingo ikauma. Kila dirisha ni chumba, na kila chumba kilikuwa na kitanda ambacho mama wa mtu alikitandika.