Mawese, Injini na Hataza ya 1937

Siku hizi vyuo vikuu vya Ulaya na vya Afrika vinashirikiana katika utafiti wa hidrojeni ya kijani, yaani hidrojeni itolewayo katika maji kwa umeme wa upepo, wa jua au wa maporomoko. Hidrojeni hiyo ikiunganishwa na kaboni hupatikana mafuta sanisi ya kuendeshea injini. Wengi huliona jambo hili kuwa jipya kabisa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kongo ilikwisha kuhusishwa na utafiti wa mafuta mbadala kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na kwamba namna ilivyohusishwa inatudai tuulize swali moja.

Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya Ubelgiji namba 422.877. Mawese ni mazito mno kwa injini ya dizeli. Hataza hiyo ilieleza jinsi ya kuyageuza kwa alkoholi yawe mepesi. Mwaka 1938 basi la abiria lilitumia mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain, na taarifa zilisema lilikwenda vizuri. Mwaka 1942 jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji lilichapisha taarifa ndefu juu ya kazi hiyo.

Je, Kongo yenyewe ilikuwa na nini? Ilikuwa na michikichi tele. Ilikuwa pia na kituo cha utafiti cha Yangambi, chini ya Kisangani, cha taasisi ya INEAC iliyoanzishwa mwaka 1933. Lakini haikuwa na chuo kikuu: Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na cha Kisangani mwaka 1963. Kwa hiyo Mkongo alishiriki kwa panga na kwa kikapu, wala si kwa kalamu. Petroli iliporahisika baada ya vita, utafiti ule ulififia, na kwetu haukuacha mwalimu wala istilahi.

Hapo ndipo mwanaisimu anapoingia. Kiswahili huyaita mafuta yale ya chunguni, ya taa na ya motokaa pia. Lugha ilikwisha kuyaweka chini ya jina moja. Kilichokosekana ni maneno ya kueleza njia itokayo chunguni hadi kwenye injini.

Ushirikiano wa leo una sura tofauti kidogo. Mwaka 2021 taasisi ya WASCAL, kwa msaada wa Ujerumani, ilianzisha shahada ya uzamili ya nishati na hidrojeni ya kijani katika vyuo vikuu vya Afrika Magharibi, na wanafunzi humalizia masomo Ujerumani. Angalau hapa Mwafrika ameshika kalamu.

Kwetu Kindu upepo ni haba, ila maji ya Lualaba ni mengi. Na kila hidrojeni ya Kongo inapozungumzwa, hutajwa Inga, inayotoa umeme tangu 1972. Mikataba itakapoletwa, tusiulize tu bei ya umeme. Tuulize pia: ni nani atakayefundishwa, hataza itaandikwa kwa jina la nani, na mwanafunzi wa Maniema ataelezwa kwa lugha ipi? Mwaka 1937 hapakuwa na Mkongo wa kuuliza maswali hayo mezani. Leo tupo.