Vitufe Vinavyopanga Madirisha ya Kalerwe

Kaskazini mwa kilima cha Makerere, pale Barabara ya Gayaza inapokutana na barabara kuu ya mchepuo wa kaskazini, ndipo Kalerwe. Wakazi wa Kampala wanaijua kwa soko lake: matoke, nyanya na kabichi zinazoshushwa kabla hakujapambazuka. Lakini pembeni ya soko kuna biashara nyingine isiyotajwa sana, ya vibanda vya kutaipu, kuprinti na kutoa fotokopi. Meza ni nyembamba na mashine ni za mitumba. Kazi zinazoletwa ni za haraka: barua ya kuomba kazi, mkataba wa kuuziana kiwanja, tasnifu ya mwanafunzi inayotakiwa kesho asubuhi. Hapa mtu mwenye skrini mbili na vidole vinavyojua vitufe anampita mbali anayesaka dirisha lake kwa kipanya.

Kazi ya mpiga taipu ina pande mbili tangu zamani, upande wa kunakili na upande wa kuandika. Enzi za taipureta muswada uliegemezwa kando ya mashine, macho yakabaki huko na vidole vikaenda vyenyewe. Kompyuta ilipoingia, pande hizo mbili zilijikuta ndani ya kioo kimoja, zikaanza kugombania nafasi. Ndiyo maana naamini historia ya madirisha ya kompyuta inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama kutoka kwenye meza ya mpiga taipu kuliko ukiitazama kutoka maabara, ingawa ni maabara ndiko ilikoanzia.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta mfumo ambao wengi wao hawakuwahi kuuwaza. Mkono wake wa kulia ulishika kipanya. Mkono wa kushoto ulikaa juu ya kibao cha vitufe vitano vilivyobonyezwa kwa pamoja, kama anayepiga kinanda, kutoa amri. Dunia ilikumbuka kipanya na kukisahau kile kibao. Miaka mitano baadaye, mwaka 1973, maabara ya Xerox PARC kule California ilitengeneza kompyuta ya Alto, ambayo skrini yake ilisimama wima kama ukurasa wa karatasi. Alan Kay na wenzake wakaweka humo madirisha yanayolaliana, moja juu ya jingine, mithili ya makaratasi yaliyorundikwa mezani. Lakini Xerox yenyewe ilipotoa mashine ya kuuza maofisini, Star ya mwaka 1981, iliyapanga madirisha ubavu kwa ubavu, kila moja lionekane lote.

Microsoft nayo ilianza hivyo hivyo. Windows ya kwanza ilitoka tarehe 20 Novemba 1985, ikiongozwa na Scott McGregor aliyetokea Xerox PARC, na madirisha yake hayakuruhusiwa kulaliana. Ukifungua la pili, la kwanza linasogea. Wakosoaji waliiona dhaifu. Mimi nadhani wazo lilikuwa sahihi ila kioo kilikuwa kidogo mno, kwani skrini nyingi za wakati ule zilikuwa na nukta 640 tu kwa upana. Kampala haikuwa na nafasi ya kufuatilia hayo. Miezi miwili baadaye, Januari 1986, wapiganaji wa jeshi la waasi la NRA waliuteka mji. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa kimeshaanzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka ule ule wa 1985.

Toleo la pili la Windows, mwishoni mwa 1987, liliyaachia madirisha yalaliane. Apple ikaenda mahakamani mwaka uliofuata ikidai imeibiwa sura ya kompyuta yake ya Macintosh, kesi ikaburutwa kwa miaka kadhaa, na Apple ikashindwa. Chenye uzito zaidi kwa mpiga taipu ni kwamba Macintosh II ya mwaka 1987 iliweza kuunganishwa na skrini zaidi ya moja. Bei yake haikuwa ya Kalerwe.

Kilichobadilisha maisha ya vibanda hivi kilitokea kilimani. Kuanzia mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea kwa wingi wanafunzi wanaojilipia karo, na masomo ya jioni yakafunguliwa. Idadi ya wanafunzi, iliyokuwa maelfu machache, ilipita 30,000 katikati ya miaka ya 2000. Kila mmoja wao alikuwa na kazi za kukabidhi, na wachache mno walikuwa na kompyuta. Vitongoji vya Wandegeya, Kikoni na Kalerwe vikapata riziki kwenye pengo hilo. Wapiga taipu wa kizazi hicho wengi walifunzwa programu ya kuandikia ya WordPerfect, na toleo lake la 5.1, la mwaka 1989, lilitegemea vitufe kwa karibu kila jambo. Halikuwa na menyu mbele ya macho mpaka uziite. Aliyelijua alikuwa amehifadhi safu nzima ya F1 hadi F12 kichwani, na wasioijua walibandika karatasi ya maelezo juu ya kibodi. Ctrl na F3 vilikupa nafasi ya kuigawa skrini sehemu mbili, sura ya tatu ya tasnifu juu na orodha ya marejeo chini. Shift na F3 vilikurusha kutoka waraka mmoja hadi mwingine. Mikono haikuondoka kwenye herufi. Windows ilipoenea na kipanya chake, ujuzi huo ulidharauliwa, na hilo nalihesabu kuwa hasara.

Kitufe chenye nembo ya Windows kilionekana kwanza kwenye kibodi ya Microsoft ya mwaka 1994. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kufungua menyu. Windows 98 ikaruhusu skrini hadi tisa, lakini kuhamisha dirisha kutoka moja hadi nyingine bado kulitaka uliburute.

Kisha ukaja mwaka 2009. Mchepuo wa kaskazini ulikamilika na kuifanya Kalerwe njia panda kubwa zaidi. Mwezi Julai mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita baharini hadi Mombasa, ulianza kufanya kazi, na intaneti ya Kampala ikaanza kuacha kutegemea setilaiti. Bajeti ya Uganda ya mwaka huo ilitangaza marufuku ya kuingiza vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo, ingawa mashine za mitumba hazikutoweka vibandani. Na tarehe 22 Oktoba ikatoka Windows 7. Humo ukishikilia kitufe cha Windows na kubonyeza mshale wa kushoto, dirisha linajibana nusu ya kushoto. Ukiongeza Shift, dirisha zima linarukia skrini ya pili. Windows na P vinaamua kama skrini mbili zionyeshe kitu kimoja au ziungane kuwa uwanja mmoja mpana. Wazo la 1985 lilikuwa limerudi, safari hii chini ya amri ya mtumiaji.

Kwa nini basi skrini mbili, si nusu mbili za skrini moja? Hesabu ni rahisi. Skrini nyingi za mitumba ni zile za inchi 17 zinazokaribia umbo la mraba, zilizotupwa na ofisi za Ulaya, zenye nukta 1280 kwa upana. Ukizigawa nusu unabaki na 640, upana ule ule wa skrini nzima ya mwaka 1985, na ukurasa hausomeki bila kuukuza na kuusogeza kila mara. Skrini mbili kuukuu, moja ya muswada uliopigwa picha na moja ya kuandikia, zinarudisha mpangilio wa taipureta.

Tatizo la Kalerwe ni umeme. Ukikatika na kurudi huku kompyuta yenyewe ikishikiliwa na betri, skrini moja huweza kukawia kuwaka, na madirisha yote yakakimbilia ile iliyowahi. Wakati mwingine dirisha hubaki mahali pasipo na skrini: jina lake liko chini kwenye mstari, lenyewe halionekani. Mgeni huizima mashine na kupoteza alichoandika. Mjuzi hulichagua dirisha, akabonyeza Windows, Shift na mshale, likarudi.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inakumbuka madirisha yalikuwa skrini gani na kuyarudisha yenyewe. Lakini inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, na mashine nyingi za mitumba hazina. Matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo wenye vibanda wanalazimika kuchagua kati ya kununua mashine nyingine, kubaki bila kinga, au kuhamia mfumo wa Linux. Kwenye Linux Mint yenye mazingira ya Cinnamon, mpiga taipu hahitaji kujifunza upya mpangilio wake. Kitufe chenye nembo ya Windows kikishikwa pamoja na mshale hulibana dirisha nusu skrini, na Shift ikiongezwa hulipeleka skrini ya pili.