Askofu Mkuu Aliyengoja Nywele Zake Ziote

Katika vijiji vyetu watu wengi hawamwendei kinyozi. Jumamosi jioni mtu hukaa juu ya kigoda nyuma ya nyumba, na ndugu yake au mama yake humlowesha kichwa kwa maji na sabuni, akamnyoa kwa wembe. Au hupitisha kitana katika nywele na kuzipunguza kwa mkasi. Kazi hiyo haina mshahara, lakini mara nyingi ina maneno mengi. Kijana ataka aachiwe denge juu ya utosi, au kiduku toka paji mpaka kisogoni, na mzee aliyeshika wembe hataki. Hata nje ya kanisa nimesikia watu wazima wakibishana kwa ukali kama kijana aliyekatwa nywele namna fulani aweza kusimama pamoja na waimbaji. Nalipowasikia nalikumbuka habari ya zamani sana, iliyoandikwa na Bede, mtawa wa Uingereza, aliyekimaliza kitabu chake cha historia ya Kanisa mwaka 731. Ni habari ya Wakristo waliofarakana kwa ajili ya siku ya Pasaka, na pamoja na hiyo, kwa ajili ya nywele.

Yafaa kwanza kueleza desturi yenyewe. Siku zile mtu aliyeingia katika utumishi wa Kanisa, akiwa kasisi au mtawa, alikatwa nywele kwa namna iliyojulikana, iwe alama ya kuwa amejitoa kwa Mungu. Desturi hii ilidumu kwa makasisi wa Kikatoliki mpaka ilipoondolewa kwa amri ya Papa Paulo wa Sita mwaka 1972. Watawa hawakuwa na haja ya kutafuta kinyozi mjini. Kazi hiyo ilifanyika mle mle nyumbani mwao. Mkasi wa wakati ule ulikuwa vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa nyuma kwa chuma kilichopindwa, kama ule wa kukatia manyoya ya kondoo, nao wembe ulifuata. Na kwa kuwa nywele haziachi kuota, kazi ilirudiwa tena na tena mwaka mzima.

Mikato ilikuwa mitatu. Wa kwanza ni wa Roma: utosi ulinyolewa, zikaachwa nywele kuzunguka kichwa mfano wa taji, kwa ukumbusho wa taji ya miiba ya Bwana wetu. Mkato huo uliitwa wa Mtume Petro. Msomaji akitaka kuuona kwa akili, na afikiri denge lililogeuzwa: mahali penye nywele hapana kitu, na pasipo nywele ndipo zilipo. Mwaka 633 maaskofu walikutana Toledo katika Hispania wakaamuru makasisi wote wa nchi ile wanyolewe hivyo, wakawakemea wasomaji wa kanisani katika Galicia, waliofuga nywele ndefu kama watu wengine na kunyoa kiduara kidogo tu juu ya kichwa. Nadhani vijana hao nao walikuwa na lao la kusema. Mkato wa pili ni wa mashariki, kunyoa kichwa kizima. Huo uliitwa wa Mtume Paulo, ambaye twasoma katika Matendo 18:18 ya kwamba alikata nywele zake huko Kenkrea kwa sababu ya nadhiri. Wa tatu ni wa watu wa Ireland. Wao walinyoa sehemu ya mbele toka sikio hata sikio, na nywele za nyuma wakaziacha. Wapinzani wao waliuita mkato wa Simoni Mchawi, yule aliyetaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha. Hilo lilikuwa tusi kubwa, maana Columba na Aidan, watakatifu walioipeleka Injili katika nchi za kaskazini, walikuwa wa desturi hiyo hiyo ya Ireland.

Basi mwaka 664 mfalme Oswiu wa Northumbria aliwakutanisha wakubwa wa Kanisa huko Whitby, katika nyumba ya watawa iliyotunzwa na mama Hilda. Neno kubwa lilikuwa siku ya Pasaka, maana mfalme alifuata hesabu ya Ireland na malkia hesabu ya Roma, hata ilitukia mfalme kula Pasaka na mkewe angali akifunga Kwaresima. Lakini Bede asema kwamba swali la nywele nalo halikuwa dogo. Askofu Colman wa Lindisfarne alisimama upande wa Ireland. Kasisi Wilfrid, upande wa Roma. Mfalme alipoambiwa kwamba Petro ndiye aliyepewa funguo za mbinguni, akasema hataki kushindana na bawabu huyo, asije akafika mlangoni akakosa wa kumfungulia. Shauri likaisha hapo.

Colman hakukubali. Akachukua baadhi ya mifupa ya Aidan, akaondoka pamoja na watawa wa Ireland, na Waingereza wapata thelathini, wakaenda kukaa katika kisiwa kidogo magharibi ya Ireland. Mimi namwonea huruma mzee huyu, aliyeiacha kazi yake yote nyuma. Tena huko kisiwani hakupata raha. Wakati wa mavuno watawa wa Ireland walikwenda kutembea huku na huku, na wakati wa baridi walirudi kula akiba ya wenzao Waingereza waliolima. Ikambidi Colman kuwanunulia Waingereza mahali pengine, Mayo, wakae peke yao. Watu waliokuwa na mkato mmoja wa nywele walitengwa na jembe!

Mwaka ule ule wa 664 Askofu Mkuu wa Canterbury alifariki. Mtu aliyechaguliwa mahali pake, Wigheard, alisafiri mpaka Roma ili awekwe wakfu, akafa huko kwa tauni pamoja na karibu wenzake wote. Papa Vitalian akamwita Hadrian, mkuu wa nyumba ya watawa karibu na Naples. Bede atuambia kwamba Hadrian alikuwa mzaliwa wa Afrika, yaani Afrika ya kaskazini. Mwafrika huyo alikataa cheo, akamtaja kwanza mtawa mmoja ambaye mwili wake ulikuwa dhaifu, kisha akamtaja Theodore, mzee wa miaka 66, mzaliwa wa Tarso wa Kilikia, mji ule ule wa Mtume Paulo. Papa akakubali, lakini kwa sharti kwamba Hadrian afuatane naye, kwa kuwa aliijua njia, tena apate kumwangalia asiingize Uingereza desturi za Kiyunani zisizopatana na imani.

Hapo nywele zikazuia safari. Theodore alikuwa amenyolewa kichwa kizima kwa mkato wa Paulo, na mtu asiye na nywele hawezi kuachiwa taji; wembe hupunguza, hauongezi. Akapewa daraja ya chini ya ushemasi, kisha akangoja miezi minne, nywele zake ziote zitoshe kukatwa kwa mkato wa Petro. Canterbury ilikuwa haina mchungaji tangu mwaka wa nne, na tauni ilikuwa imewaua wengi. Hata hivyo wakangoja. Akawekwa wakfu siku ya Jumapili, tarehe 26 Machi 668, akafika Canterbury tarehe 27 Mei 669. Theodore alilitunza Kanisa lile miaka 21. Yeye na Hadrian walifundisha Kilatini na Kiyunani, hata Bede asema kwamba siku zake walikuwako wanafunzi wao waliozijua lugha hizo kama lugha yao ya kuzaliwa. Huyo ndiye mtu aliyecheleweshwa na kichwa chake.

Ugomvi haukufa mara moja. Adamnan, mkuu wa watawa wa kisiwa cha Iona, alikwenda Northumbria katika miaka ya 680, na mwenyeji wake Ceolfrith akamwuliza kwa nini mtu mwema kama yeye achukue kichwani mfano wa Simoni Mchawi. Adamnan akajibu kwamba nywele hizo anazo kwa desturi ya wazee wake, lakini uovu wa Simoni anauchukia kwa moyo wake wote. Huyo Ceolfrith ndiye aliyemwandikia baadaye mfalme Nechtan wa Wapikti barua ndefu, akisema kwamba Ayubu alinyoa kichwa siku ya msiba na Yusufu siku ya kutoka gerezani, tena kwamba Mitume wote hawakukatwa kwa namna moja, na tofauti ya nywele haiwadhuru wenye imani safi na upendo wa kweli. Hata hivyo katika barua hiyo hiyo aliusifu mkato wa Petro kuliko yote, na mfalme aliposomewa aliamuru makasisi na watawa wake wote wakatwe hivyo.

Watawa wa Iona wenyewe waliukubali mkato wa taji mwaka 718. Colman alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka arobaini kabla, kule kisiwani kwake, na kichwa chake kama alivyokatwa na walimu wake.